Risasi, Chuma na Shaba: Mwindaji wa Katanga na Madini ya Bunduki Yake

Lugha yetu ya Kiswahili ina neno moja linalobeba historia ndefu. Ukisema «risasi», mtu mmoja ataelewa kile kitu kinachotoka katika bunduki na kuangusha mnyama. Mwingine, kama alikaa vizuri katika kilasi cha kemia, ataelewa madini, yale mazito ya rangi ya kijivu yanayowekwa ndani ya batri ya motokari. Wote wawili wana haki. Neno lilitoka katika Kiarabu, na kule maana yake ya kwanza ni madini. Wafanyabiashara wa Zanzibari na Wanyamwezi walipolifikisha huku kwetu katika karne ya 19, pamoja na bunduki na baruti, maana mbili zilikuwa zimekwisha kuungana. Sisi watu wa Kongo tulilipindua kidogo, tukasema lisasi moja, masasi mengi, na ndugu zetu wa Kilingala wanasema vilevile.

Basi leo, mtu akituambia kwamba katika inchi nyingine wawindaji wanatafuta «risasi isiyo na risasi», tunacheka kwanza. Itakuwa kitu gani hicho? Lakini jambo ni la kweli, tena linatuhusu sisi kuliko tunavyofikiri. Linatuhusu kwa sababu nyama ya pori inaliwa katika nyumba zetu, na watoto wanakula. Linatuhusu pia kwa sababu wazee wetu wa Katanga walipiga bunduki kwa madini mengine kabisa. Shuleni tunafundisha vita vya Msiri na tarehe ya kifo chake, lakini hatufundishi alikuwa anapiga na nini. Tutajaribu kuliweka hapa.

Upinde kwanza

Kila mtoto wa Kiluba anajua kwamba ufalme ulianza na mwindaji. Mbidi Kiluwe alitoka mashariki akifuata nyama, akamzaa Kalala Ilunga. Kwa Walunda ni hivyohivyo: Chibinda Ilunga, mwindaji wa Kiluba, alifika kwa binti mfalme Lueji akiwa na upinde wake, akamwoa. Silaha ya hao wote ilikuwa mshale wenye kichwa cha chuma. Chuma kilitoka katika tanuru za wahunzi wetu wenyewe. Makaburi ya Sanga, kandokando ya Ziwa Kisale, yaliyochimbuliwa na wataalamu kuanzia mwaka 1957, yalionyesha watu waliozikwa na vitu vya chuma na vya shaba, mamia ya miaka kabla Mzungu hajakanyaga hapa.

Sasa angalieni kitu hiki. Katika karne ya 19 wachongaji wa Kichokwe walichonga sanamu nzuri sana za Chibinda Ilunga. Katika sanamu mojawapo, Chibinda hashiki upinde peke yake kama masimulizi yanavyosema, anashika bunduki ya gumegume! Chibinda aliishi zamani sana kabla ya bunduki kufika. Mchongaji hakuwa mjinga. Wakati wake mwindaji wa kweli alikuwa mtu wa bunduki, basi akampa babu yake silaha ya siku zile. Ng'ambo ya mpaka, kwa Walunda-Ndembu wa Mwinilunga katika Zambia, hata vyama vya wawindaji viligawanyika: Wubinda wa watu wa upinde, na Wuyanga wa watu wa bunduki. Jina la yanga linajulikana mpaka kwa Wachokwe.

Lakini bunduki ilileta shida ambayo upinde haukuwa nayo. Mshale unauchomoa katika mnyama na kuutumia tena. Bunduki inakula kila siku: inakula baruti, inakula jiwe la gumegume au fataki, inakula masasi. Mwindaji wa upinde alimtegemea mhunzi wa kijiji. Mwindaji wa bunduki akaanza kutegemea msafara wa mbali.

Bunkeya

Mwenda Msiri Ngelengwa alitoka Unyamwezi, upande wa Wasumbwa. Baba yake Kalasa alikuwa akija Katanga kununua shaba. Msiri akabaki, na katika nusu ya pili ya karne ya 19 akajenga inchi ya Garenganze na mji mkuu wake Bunkeya, ambao leo uko katika jimbo la Lualaba. Watu wake tunawaita Bayeke, na jina hilo lenyewe linaelezwa kuwa ni la wawindaji wa tembo. Pembe zilitoka, bunduki na baruti zikaingia: kwa upande wa mashariki kupitia Tabora na Zanzibari, kwa upande wa magharibi kupitia Bihe na Benguela.

Madini ya risasi yangeweza pia kuja kwa njia hizo. Lakini fikirini mpagazi anayetembea miezi na miezi, mzigo kichwani. Kila kilo ya risasi anayoibeba ni kilo ya baruti au ya kitambaa ambayo haibebi. Baruti haikuwa na badala yake. Masasi yalikuwa na badala, na badala ile ilikuwa chini ya miguu ya watu.

Ndivyo wahunzi wa Bayeke walivyotengeneza masasi ya shaba. Shaba ya Katanga ilikuwa inayeyushwa tangu karne nyingi. Kazi ilifanyika wakati wa kiangazi, mtama ukiisha kuvunwa: wanaume, wanawake na watoto wanakusanya mawe ya kijani, wanachoma makaa, wanajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, mivukuto inapulizwa mchana kutwa. Shaba ikimwagika, inaingia katika kalibu na kuwa msalaba. Misalaba ile ndiyo iliyokuwa feza ya kuolea na ya kununulia, na ndiyo iliyorudi kama misalaba mitatu katika bendera ya Katanga mwaka 1960. Bayeke waliongeza ufundi wao wa kuvuta shaba kuwa waya nyembamba. Kwa watu wenye mikono kama ile, kutoa tufe dogo la kuingia mtutuni halikuwa jambo la ajabu.

Tusisahau chuma. Kwa Wachokwe na majirani wao, wahunzi waliofahamika kwa kutengeneza bunduki zilizovunjika walipiga pia masasi ya chuma kwa nyundo. Kwa tembo chuma kilikuwa na faida, juu ya ngozi nene na mifupa mizito. Hata wawindaji wa Kizungu wa wakati ule, waliokuwa na risasi tele, waliichanganya na bati ili iwe ngumu, kwa kuwa ile laini ilipondeka mbele ya fuvu la tembo.

Hapa tunapenda kuwa wakweli, kwa vile katika vitabu kama hiki mara nyingi tunawapamba wazee kupita kiasi. Bayeke hawakuchagua shaba kwa kujua kwamba risasi ni sumu. Walichagua shaba kwa sababu ilikuwa karibu na risasi ilikuwa mbali. Hiyo ni akili ya uchumi, na inatosha. Ushahidi ni kwamba kilichomsumbua Msiri katika miaka ya mwisho kilikuwa baruti. Masasi aliweza kuyafanyiza nyumbani, baruti hapana. Wageni waliofika Bunkeya walisikia ombi lile la baruti. Tarehe 20 Desemba 1891 kapiteni Bodson wa msafara wa Stairs alimpiga Msiri bunduki akafa, na Bodson mwenyewe akauawa pia.

Risasi inashinda

Mwaka uliotangulia, 1890, mataifa ya Ulaya yalitia sahihi Mapatano ya Brussels. Kwa maneno mazuri ya kupinga biashara ya watumwa, yalizuia pia bunduki mpya za kisasa zisiingie mikononi mwa Waafrika. Walichoruhusu, chini ya ulinzi wa Leta, ni zile gumegume zisizo na mikato ndani ya mtutu, na baruti ya kawaida ya biashara. Ndiyo maana bunduki ya kushindilia kwa mdomo ilidumu sana kwetu, na vijijini bado mnaiona, nyingine ikiwa imetengenezwa na fundi kwa bomba la maji.

Wakati huohuo tanuru za shaba zilizimika. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na shaba ya kwanza ya Lubumbashi ikatoka mwaka 1911. Tangu siku ile shaba ikawa ya kampuni na ya treni. Mwanakijiji ambaye babu yake alikuwa «mla shaba» hakuwa na ruhusa ya kuigusa. Ni kichekesho cha uchungu: jimbo letu liliitwa Shaba kutoka mwaka 1971 mpaka 1997, na katika miaka yote ile mwindaji wa jimbo hilo hakupiga tena shaba.

Badala yake ilikuja kartushi ya kalibri 12, ile wawindaji wanayoiita «duzi», imejaa punje za risasi. Nyingi zilitoka kiwandani kule Pointe-Noire, katika Kongo-Brazzaville, zikafika mbali sana. Na asiyeweza kununua kartushi akapata batri. Batri ya motokari ikifa, ndani yake mna bamba za risasi. Risasi inayeyuka kwa digrii 327 tu. Shaba inataka 1085, chuma 1538. Maana yake ni hii: kwa shaba unahitaji tanuru, mivukuto na fundi aliyefundishwa na fundi. Kwa risasi unahitaji sufuria na moto wa mama jikoni. Hiyo ndiyo siri yote ya ushindi wa risasi duniani. Ni nzito, ni laini, haikwaruzi mtutu, na mtoto wa miaka kumi anaweza kuiyeyusha.

Na kweli mtoto anaiyeyusha. Tumeona sufuria zile, na kuku wakipita pembeni.

Mambo yaliyojulikana

Watu walidhani zamani kwamba ukitema punje mezani, mambo yamekwisha. Mambo hayaishi. Risasi inayokwenda kwa mwendo mkali ikipiga mfupa, haibaki kipande kimoja. Inapasuka, na sehemu yake inakuwa vumbi ambalo ulimi hausikii na jicho halioni. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walitoa matokeo kuhusu kulungu 30 waliopigwa kwa karabini na masasi ya kawaida, kisha wakapelekwa kwa wachinjaji wenye kazi hiyo. Nyama ya kusaga iliyotoka kwa 24 kati yao ilikutwa na vipande vya risasi. Wakawapa nguruwe nyama ile, na risasi ikapanda katika damu ya nguruwe. Kule Hispania walipima kware waliotiwa siki, wakaona siki inayeyusha risasi na kuiingiza katika nyama. Akina mama wanaotia ndimu na tomati katika nyama ya pori wasikie hilo vizuri.

Kwa ndege ni mbaya zaidi. Bata na kanga humeza vijiwe vya kusagia chakula katika firigisi. Punje ya risasi iliyoanguka majini au shambani inafanana na kijiwe. Inasagwa, na ndege anakufa polepole. Tumbusi naye anakula matumbo yaliyoachwa na mwindaji. Kondori wa California, tumbusi mkubwa kupita wote wa Amerika Kaskazini, walikuwa wamebaki 22 tu mwaka 1982, na risasi ilikuwa sababu kubwa ya vifo vyao.

Ndipo sheria zikaanza. Marekani ilikataza punje za risasi kwa uwindaji wa ndege wa majini katika inchi yote mwaka 1991. Denmark ilikataza punje zote za risasi mwaka 1996, na tarehe 1 Aprili 2024 ikaongeza masasi ya karabini. California ilikamilisha katazo lake kwa uwindaji wote tarehe 1 Julai 2019. Umoja wa Ulaya ulifuata kwa sehemu za maji na matope tangu tarehe 15 Februari 2023. Hao wote ni watu wanaowinda kwa kujifurahisha, mtu atasema. Lakini katika Greenland watu wanawinda ndege wa bahari ili wale, kama sisi, na huko pia damu za walaji zilipimwa zikaonekana na risasi.

Kuhusu sumu yenyewe hatuna haja ya kwenda mbali. Kabwe iko Zambia, katika njia ya treni ambayo wengi wetu tunaijua. Mgodi wake wa risasi na zinki ulifanya kazi tangu miaka ya 1900 mwanzoni hadi 1994. Mgodi ulifungwa, lakini vumbi lilibaki, na watoto wa mitaa ya karibu wanapimwa na risasi nyingi katika damu. Risasi inaharibu akili ya mtoto kabla haijaonyesha ugonjwa wowote. Mtoto anakuwa mzito kushika masomo, hakai kimya, anasahau. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kipimo chochote cha risasi kinachojulikana kuwa hakina madhara. Sisi walimu tunapewa watoto kilasini bila kuambiwa walikula nini na walikaa karibu na moto gani.

Kuchagua

Mwindaji mmoja mzee alitujibu: «Mwalimu, bankambo yetu balikula hii nyama na balizeeka muzuri.» Papa yetu anasema kweli nusu. Bankambo wa bankambo wake walikula nyama ya mshale, na wengine walikula nyama ya shaba. Risasi ya batri jikoni ni jambo la juzi tu, la wakati wa motokari. Haiwezi kuitwa desturi.

Basi achague nini? Jibu linafuata bunduki aliyo nayo.

Kwa karabini, viwanda vinatengeneza masasi ya shaba tupu. Zile zilizofahamika mapema ni za Barnes wa Marekani, zilizotoka mwaka 1989. Kichwa chake kina tundu. Likiingia katika mnyama linafunguka kama ua lenye majani manne, na karibu uzito wote unabaki kipande kimoja. Shaba ni nyepesi kuliko risasi, kwa hiyo lisasi la uzito uleule linakuwa refu zaidi. Ndiyo sababu wajuzi wanachukua lenye uzito mdogo kidogo, liende mbio zaidi. Lazima pia ujaribu bunduki upya kwenye shabaha kabla ya kwenda porini, kwa kuwa halipigi palepale pa zamani.

Kwa kalibri 12, badala inayopatikana kwa bei ndogo ni punje za chuma laini. Hapa tunaomba wawindaji watusikilize sana. Chuma hakibonyei kama risasi. Katika mtutu wa zamani, au ule uliobanwa sana mdomoni, kartushi ya chuma yenye nguvu inaweza kuharibu bunduki, hata kumwumiza mpigaji. Bunduki ionyeshwe kwanza kwa fundi mwenye ujuzi. Mtu asifungue kartushi yake ya risasi na kujaza vipande vya chuma alivyokata mwenyewe, maana ile baruti na ule mtutu havikupimwa kwa kitu hicho. Tena chuma ni chepesi: unachagua punje kubwa kwa vipimo viwili kuliko ulivyozoea, na unamkaribia mnyama zaidi. Kwa mitutu ya zamani kuna bismuti, ambayo ni laini, lakini bei yake inamfukuza mtu wa kwetu dukani.

Kwa bunduki ya kushindilia, wawindaji wengi wa vijijini wamekwisha kurudia chuma bila kusoma kitabu chochote: wanakata vyuma vya kujengea nyumba. Hatuwezi kuwasifu, kwa kuwa vipande visivyo na umbo vinakwenda ovyo na kuacha wanyama wengi wamejeruhiwa, na bomba la maji halikuumbwa kuwa mtutu. Tufe la shaba lililopigwa vizuri lingefaa zaidi. Ila tusieleweke vibaya: hatutumi mtu usiku kukata kebo za SNEL!

Na mwenye kartushi za risasi peke yake, asiye na kingine cha kununua? Apige mnyama kifuani, mbali na mifupa mikubwa ya bega. Nyama yote iliyosagika kandokando ya jeraha aikate na kuizika, asimpe mbwa wala asiache tumbusi waikute. Tunajua ni vigumu, maana kwetu hakuna anayetupa kilo mbili za nyama mbele ya mama wa nyumba. Watoto wadogo na mama mwenye mimba wapewe nyama ya upande mwingine, paja la nyuma kwa mfano. Batri isivunjwe nyumbani, na sufuria iliyoyeyushiwa risasi isirudi kupika ugali hata ikisuguliwa kwa mchanga siku tatu.

Sheria yetu ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 inadai ruhusa ya kuwinda na inalinda wanyama wanaolindwa. Hayo yanabaki palepale, uwe na shaba, uwe na chuma. Wahunzi wa Bunkeya wana wajukuu ambao bado wanafua majembe na visu. Tuliwauliza vijana wa kilasi cha sita kama kuna mmoja aliyewahi kuona lisasi la shaba la zamani. Kijana mmoja alisema nyanya yake analo, limefungwa katika kitambaa pamoja na msalaba mdogo, na hakuna anayeruhusiwa kuligusa. Tumemwomba nyanya ruhusa ya kulipima uzito. Bado anafikiri.